Zdravka wa Basi la Waya

"Dada Zdravka, niambie kweli mbele ya Mungu: pesa zikiwa ni hizo hizo tu, uzibe mashimo ya barabara au ulilishe basi lako?"

Genadi alimuuliza hivyo mwezi wa Septemba, uani nyuma ya jengo letu, siku tuliyokuwa tunachoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa kwa ajili ya baridi. Genadi ni dereva wa teksi, anakaa ghorofa ya pili. Siku hiyo gari lake lilikuwa juu ya jeki, tairi la mbele limetolewa, na yeye ameshika springi iliyokatika vipande viwili. Alikuwa ameingia shimo la mbele ya posta. Shimo hilo watu walikuwa wamelipandia mche wa mti mzima mzima ili madereva walione, na mche ulikuwa umeshaanza kutoa majani.

Zdravka alikuwa anageuza pilipili juu ya moto. Hata uso hakuinua.

"Ziba mashimo, kaka," alisema. "Basi langu nalo linapita barabara hiyo hiyo. Kwani lina mabawa?"

Tukacheka wote, na Genadi mwenyewe akacheka. Zdravka hakujua kuwa ameulizwa swali. Alidhani ni maneno ya uani tu, ya kupitisha moshi. Baadaye alinirudia na jibu lile mara nyingi sana, ananiambia, "Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, ulinisikia," nami namkubalia, kwa sababu kweli nilimsikia.

Ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa kijijini ng'ambo ya mto, kwa watu wa tumbaku, akaja hapa Brezovgrad akiwa msichana wa miaka ishirini, wakati karakana ya mji ilipokuwa inafundisha wanawake kuendesha mabasi ya waya. Mabasi hayo hayanywi dizeli. Yana fimbo mbili ndefu mgongoni, zinashika nyaya za umeme zilizopita juu ya barabara, na basi linakwenda kimya, unasikia tu matairi. Alipewa njia ya pili, na hakutoka tena. Miaka thelathini na saba, kutoka mtaa wa Tabahana kule chini kando ya mto hadi hospitali juu mlimani, kupitia posta, soko, kanisa letu la Mtakatifu Petka, na makaburi.

Mimi nauza mishumaa kanisani hapo, na nyumbani mimi na yeye tunatenganishwa na ukuta mmoja. Kwa hiyo nilimjua akiwa na buti za kazi na nikamjua akiwa na kandambili.

Pale kwenye kona ya kanisa ndipo fimbo zilipopenda kuchomoka kwenye nyaya, hasa siku za barafu. Basi linazima katikati ya mlima. Zdravka anavaa glavu, anashuka, anazunguka nyuma, anavuta kamba, anainua fimbo moja, halafu ya pili, na wazee wote walio ndani wanamfundisha kwa kupiga kelele madirishani.

"Kushoto, Zdravka! Kushoto kwako!"

"Nyamaza wewe Stamen, mkeo hajui kushoto kwako ni wapi sembuse mimi!"

Anarudi ndani mashavu mekundu, na safari inaendelea. Jumamosi za kuwakumbuka wafu, wanawake wanaotoka makaburini walimwekea ngano ya kuchemsha yenye sukari kwenye vikombe vya karatasi mbele ya usukani, mpaka haoni saa. Alikula kidogo cha kila kikombe na kuliombea kila jina aliloambiwa.

Mume wake alifariki mapema na mtoto hawakujaliwa. Aliyebaki naye ni mdogo wake, Minka, wanakaa wote. Minka figo zake zilikufa akiwa na miaka arobaini na minne. Tangu hapo ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hospitali ya juu, mashine ya kusafisha damu, saa moja kamili asubuhi, saa nne mfululizo. Mashine zina foleni yake. Ukichelewa nusu saa unapunguziwa nusu saa, kwa sababu anakuja mwingine, na yale maji na sumu unarudi nayo nyumbani mwilini. Basi Zdravka aliomba zamu ya alfajiri daima, ili ampeleke mwenyewe. Minka alikaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva, na mto mdogo wa kijani mapajani. Hawakuongea njiani. Zdravka alimtazama tu kwenye kioo.

Sasa hili ninalolisema hapa ndilo lililotufikisha tulipo.

Miaka mitano iliyopita waliweka mashine za kadi kwenye mabasi. Mwenye kulipa anagusisha kadi, inalia. Wazee na wagonjwa wana kadi yao ya bure yenye picha, na wao pia inawapasa kuigusisha, ili wahesabiwe. Lakini mashine waliifunga kwenye nguzo ya ndani, mbali na ngazi, na ilikuwa nzito ya kusikia, unagusa mara mbili, mara tatu. Mzee ana fimbo mkono mmoja na kapu mkono wa pili, kadi iko ndani ya pochi, pochi iko ndani ya koti, koti lina vifungo, na basi liko kwenye mteremko.

"Kaa, bibi, kaa," Zdravka alisema. "Achana na hicho kidude. Mimi nakujua, chenyewe hakikujui."

Alisema hivyo kwa Bibi Tsona, akasema kwa mzee Stamen, akasema kwa wote, miaka mitano. Wakazoea. Ikawa njia ya pili mzee akitoa kadi anachekwa. "Mgeni huyo," walisema. "Anadhani yuko mji mkuu." Ilikuwa ndiyo heshima yetu kwa dereva na heshima ya dereva kwetu. Hata mimi, naungama, kadi yangu ya kulipia niligusisha, lakini ya mama yangu marehemu sikuwahi kuitoa pochini enzi za uhai wake.

Mwezi wa Februari halmashauri ikaita mkutano katika nyumba ya utamaduni. Ukumbi ulijaa, watu wamekaa na makoti yao kwa sababu hakuna moto. Mji umepata fungu moja la pesa, walisema, na halitoshi mambo mawili. Ama barabara kuu na ya mlimani ziwekwe lami upya, ama nyaya kuukuu zibadilishwe na yanunuliwe mabasi mapya. Genadi alikuja na springi yake. Aliiweka juu ya meza ya wakubwa, ikalia dang.

"Hii ni ya tatu kwa mwaka," alisema. "Mimi nina watoto wawili. Mnataka nile springi?"

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu alisema kweli. Hata gari la wagonjwa lilikuwa linavunja ekseli mlimani.

Akasimama binti wa halmashauri, Ralitsa, msichana mpole mwenye miwani, ambaye Zdravka alimpeleka shuleni miaka minane kwenye basi lile lile. Akasoma karatasi. Njia ya pili, wastani wa abiria kwa safari moja: kumi na mmoja.

"Wangapi?" Zdravka alisimama.

"Kumi na mmoja, shangazi."

"Mwanangu, mimi nabeba hamsini! Asubuhi wanasimama hadi mlangoni! Wewe mwenyewe ulisimama hapo!"

"Hizi ni hesabu za mashine, shangazi. Kadi zilizoguswa."

Niliona uso wake. Sijawahi kuona mtu anaelewa jambo polepole namna ile, kama anayesoma barua ya msiba. Akageuka akatazama ukumbi. Wazee wake wote walikuwa pale, wamevaa kofia zao, wanamtazama kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye karatasi ile.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliwaambia wasiguse."

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu... mikono inawauma," alisema.

Kuna waliocheka nyuma. Genadi hakucheka. Ralitsa aliinama akaongea na mwenyekiti sikioni, muda mrefu, kisha akasema halmashauri itatoa wiki moja ya kuhesabu upya, kuanzia Jumatatu ijayo hadi Jumamosi. Kila abiria aguse. Itakachosema mashine ndicho kitakachofuatwa.

Zdravka alimshika binti yule mikono yote miwili akaibusu, mbele ya watu. Binti akaona haya.

Wiki ile hakulala vizuri hata siku moja, nilimsikia kupitia ukutani akitembea. Lakini kazini aliwaka. Alisimamisha basi kwenye kila kituo na hakuondoka mpaka mashine ilie kwa kila mtu. "Bibi, kadi! Stamen, kadi! Toa mkono mfukoni, sikuombi damu!" Alichelewa, madereva nyuma wakapiga honi, hakujali. Wengine waliokuwa wamepoteza kadi zao walikwenda kuzitafuta ndani ya makabati. Jioni anarudi ananigongea. "Leo mia nne na kumi," ananiambia. "Jana mia tatu tisini." Macho yake yalikuwa ya mtoto. Minka alimwambia, "Dada, kula kwanza," naye anasema, "Nikishamaliza Jumamosi nitakula."

Jumamosi hiyo ilikuwa Jumamosi ya wafu, ile ya kabla ya mfungo mkuu. Halmashauri hawakuifikiria walipochagua tarehe, na sisi tuliona ni mkono wa Mungu, kwa sababu siku hiyo mji mzima unapanda makaburini. Nilikuwa kanisani, nimeuza mishumaa mpaka vidole vikawa nta. Basi la Zdravka lilipita limejaa hadi mlango haufungi, na mashine inalia, inalia, hata kutoka barabarani ulisikia.

Ilikuwa imelia kupita kiasi. Mimi nilipaswa kujua.

Jumatano iliyofuata wakamwita ofisini. Aliniomba nimsindikize. Ralitsa alikuwa na karatasi mezani na macho yake mekundu.

"Shangazi," alisema, "kuna kadi thelathini na nne za watu waliokwisha kufa."

"Watu gani?"

Akaanza kusoma majina. Zdravka aliyajua yote. Mume wa Bibi Tsona, alikufa kiangazi. Fundi saa wa sokoni. Mwalimu wa muziki. Mama wa Stamen. Watu ambao karatasi zao za msiba zenye picha bado zilikuwa zimebandikwa vituoni kwenye njia ile ile.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Tsona. Bibi alikuwa jikoni, na kadi ya mumewe iko palepale ilipokaa daima, nyuma ya picha takatifu, kwenye kona yenye taa.

"Bibi, ulifanya nini?"

"Nilimgusisha mzee wangu, mwanangu. Kwani vibaya? Nilikuwa nakwenda kwake. Nimemwekea ngano, nimemwekea divai, nikasema nitamwachaje nje ya hesabu siku yake? Amepanda basi hili miaka arobaini na hakuhesabiwa hata mara moja. Nikamgusisha mara mbili, kwenda na kurudi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Tulikubaliana pale sokoni, sisi wanawake. Tulisema, Zdravka ametubeba bure, na sisi tumbebe." Bibi akamtazama. "Mbona umekaa chini? Mwanangu, mbona umekaa sakafuni?"

Hawakuwa wezi. Siku ile sisi huwapigia wafu wetu hodi, tunawamwagia divai, tunawaita kwa majina, na mkono uliozoea kumtolea marehemu sahani mezani ulimtolea na kadi. Lakini katika ofisi jambo hilo lina jina lingine. Hesabu ya wiki nzima ilifutwa. Wakabaki na kumi na mmoja.

Zdravka alirudi ofisini mara tatu. Aliomba watoe zile thelathini na nne, wabakize walio hai. Walimwambia sasa hawawezi kujua ni kadi zipi nyingine ziligusishwa na mikono isiyo ya wenyewe. Mara ya tatu alipiga magoti, nami niliona aibu na nikapiga magoti pamoja naye kwa sababu sikujua la kufanya. Mlinzi alituinua kwa upole.

Lami ikapitishwa, na siku ya mwisho ya njia ya pili ilikuwa Aprili thelathini. Watu walileta maua, tulipu, wakayachomeka kwenye vifuta kioo. Bibi Tsona alikuwa amemwomba mjukuu wake achape karatasi ya msiba ya njia ya pili, yenye fremu nyeusi na picha ya basi, akataka kuibandika kituoni. Zdravka aliiona akaipokonya mkononi mwake, akaichana.

"Hajafa mtu hapa!" alipiga kelele. Sijawahi kumsikia akimpandishia sauti mzee. "Msinibandikie kifo njiani. Minka anapita hapa!"

Bibi akalia, naye akalia, wakashikana mlangoni mwa basi, na watu wakasubiri.

Mei wakakata nyaya. Juni na Julai wakamwaga lami. Siwezi kusema uongo, ni lami nzuri. Nyeusi, laini, ukidondosha yai halivunjiki. Mche wa pale posta waliung'oa, na gari la Genadi halijaingia gereji tangu hapo. Na Zdravka, kwa kuwa alibakiza miaka michache ya kustaafu, halmashauri ilimpa kazi kwenye kikosi cha barabara: kizibao cha rangi ya chungwa na kibao kwenye mti, upande mmoja chekundu, upande mwingine kijani. Kiangazi chote alisimama kwenye kona ya kanisa, palepale alipozoea kurudisha fimbo kwenye nyaya, akizuia magari na kuyaruhusu. Nilimpelekea maji. Hakuinua macho juu hata mara moja.

Badala ya basi la waya waliweka gari dogo. Linapita saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, linaishia sokoni, halipandi mlimani. Zdravka alikwenda hospitalini kuomba saa ya Minka isogezwe. Hapana nafasi. Gari la wagonjwa linachukua tu wasioweza kusimama, na Minka anasimama. Daktari alisema hivyo kwa huzuni kabisa: "Bado anasimama, mama."

Genadi alijitolea. Miezi mitano alimpandisha Minka, mara tatu kwa wiki, bila kuwasha mita. Siku moja alikuja mlangoni kwao, kofia mkononi.

"Dada Zdravka, siwezi tena. Asubuhi ile ndiyo saa yangu ya stesheni, wateja wa treni. Mke wangu ananiuliza. Nitampeleka nitakapoweza, lakini msinitegemee."

"Umefanya mengi, kaka."

"Usiniambie hivyo. Nitukane kidogo."

"Nikutukane kwa lipi? Uliniuliza, nikakujibu."

Alishuka ngazi taratibu kama mzee.

Kuanzia Oktoba wakapanda kwa miguu. Wanatoka saa kumi na moja na nusu, bado giza, Zdravka amembeba dada yake nusu kwa mkono, mto wa kijani kwapani. Kilomita mbili na nusu za mlima. Barabara ya mlimani haina njia ya waendao kwa miguu, na sasa kwa kuwa ni laini magari yanapita kwa kasi. Zdravka alivaa kile kizibao cha kazi ili waonekane. Nilipofungua kanisa niliwakuta wamekaa kwenye ngazi za mlango, Minka ameegemea, anapumua kwa mdomo. Nikawapa chai. Nikawasha mshumaa wa kumwombea Minka, na sikuwa na uhakika niuweke upande wa walio hai au wa wafu.

Januari ikaja theluji. Jumatano walifika wamechelewa dakika arobaini, Minka akapunguziwa dakika arobaini. Ijumaa walifika hadi makaburini tu. Minka aliketi ukingoni mwa barabara akasema, "Niache hapa nipumzike kidogo, dada, hapa ni karibu." Zdravka hakuniambia maneno hayo siku ile. Aliniambia baadaye, na alipoyasema aliziba mdomo. Waligeuka wakarudi nyumbani.

Jumapili, baada ya ibada, niligongewa ukuta kwa ngumi. Minka alikuwa amevimba uso hadi macho hayaonekani, na kifua kinachemka kama sufuria. Nikakimbia ghorofa ya pili. Genadi alitoka na soksi. Tukambeba kwenye kiti cha jikoni, tukamweka ndani ya teksi, na gari likaruka. Posta, soko, kanisa, makaburi, hatukutikisika hata kidogo. Dakika sita tukawa mlangoni pa hospitali.

Walipomchukua ndani, Genadi alibaki ameshika usukani.

"Kwenye mashimo yale tungekwenda dakika ishirini," alisema. "Angefia kwenye kiti." Kisha akaweka paji la uso juu ya usukani. "Na kama lingekuwepo basi, asingekuwa kwenye kiti. Sasa mimi nishike lipi, dada? Niambie nishike lipi."

Zdravka alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Minka aliishi. Yuko nyumbani sasa. Daktari alisema moyo umechoka na maji, akikosa tena, wasimtafute wa kumlaumu. Wiki hii Jumatatu Genadi alimpeleka. Jumatano alimpeleka. Ijumaa ana wateja wa treni.

Jana Zdravka alikuja kwangu na karatasi na kalamu. Yeye amezoea usukani, si kalamu, na mimi, ingawa nilisoma shule ya msingi tu, mwandiko wangu unasomeka kwa sababu naandika majina ya kuombewa kila siku. Nilimwuliza kama tuandike habari za Bibi Tsona, na magoti, na wiki ile. Akasema hapana, wana karatasi nyingi, wataichoka. Alisimama dirishani akasema, nami nikaandika alivyosema:

"Kwa halmashauri ya mji. Mimi ni Zdravka Mancheva, nilikuwa dereva wa njia ya pili. Naomba gari moja, hata bovu, la kupanda hospitalini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, liondoke Tabahana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siombi nyaya zirudi. Barabara ni nzuri. Dada yangu hawezi tena kupanda kwa miguu, na wako wengine wanne wa mashine ya kusafisha damu wanaokaa huku chini. Kama hamna dereva, nitaendesha mimi bila malipo, kisha nitakwenda kwenye kikosi. Kila atakayepanda nitamwambia aguse kadi. Naomba mnijibu kabla ya Ijumaa."